Mtoto Akipotea, Nani Huandika Jina Lake?

Mwaka 2002 Unity Dow, mwanamke wa kwanza kuwa jaji wa Mahakama Kuu ya Botswana, alitoa riwaya ya upelelezi iitwayo The Screaming of the Innocent. Msichana wa miaka 12 anatoweka kijijini kwao. Polisi wanatafuta kidogo, wanasema ameliwa na wanyama wa porini, jalada linafungwa. Miaka 5 baadaye binti mmoja aliyepelekwa kulitumikia taifa katika zahanati ya mbali anapanga vitu stoo, anakuta boksi, analifungua. Ndani mna nguo za mtoto zilizokaukiwa damu, nguo zile zile ambazo polisi walikuwa wamesema zimepotea.

Nakala moja ya kitabu hicho ilifika Bunia, mkoani Ituri, Kongo, kwa kuchelewa sana, ikawa inapita mkono kwa mkono kati ya walimu, wanasheria vijana na watangazaji, mpaka mgongo wake ukashikizwa kwa gundi. Mwandishi wa makala haya alipata zamu yake juma lile lile ambalo redio ya mtaani kwake ilikuwa inarudia, asubuhi na jioni, komunike ya mtoto wa kiume aliyetumwa maji asirudi. Ilitaja umri, rangi ya shati, jina la mama na mahali pa kupeleka habari. Juma lililofuata komunike haikusomwa tena. Familia ilikuwa na fedha za siku chache tu, na siku hizo zilikwisha.

Kitabu na tangazo hilo vilimrudisha mwandishi miaka mingi nyuma, hadi utotoni mwake Mahagi-Port na njia yote aliyopita tangu pale. Kilichomshika katika riwaya nzima ni lile boksi. Kuna mtu alizikunja nguo zile, akaziweka, na hakuzichoma. Ituri imepoteza watoto wengi pasipo hata kitu kidogo cha namna hiyo kubaki, na mwandishi anaamini kwamba kutoandika ndiko kunakowapoteza mara ya pili.

Mahagi-Port iko upande wa kaskazini wa Ziwa Albert, chini ya miteremko inayopanda kwenda Mahagi mjini. Enzi za ukoloni meli iliyoitwa Robert Coryndon ilikuwa ikitoka Butiaba, Uganda, kubeba abiria na mizigo ziwani humu. Leo kazi hiyo inafanywa na mitumbwi yenye injini. Ng'ambo ni Panyimur. Waalur wako pande zote mbili, na mtu anaweza kunywa uji wa asubuhi kwa shangazi yake Kongo na usiku akalala kwa mjomba wake Uganda. Mtoto wa hapo huvuka mpaka kabla hajajua kwamba kuna kitu kinachoitwa mpaka.

Katikati ya miaka ya 1990 mtoto wa jirani, mwenye umri wa miaka kumi hivi, hakuonekana wakati wa chakula cha jioni. Kesho yake pia hakuonekana. Watu wazima walianza kwa kulitazama ziwa, kwa sababu ziwa ndilo la kwanza kushukiwa. Vijana walizamia karibu na mahali watoto walipokuwa wakioga. Wazee wakapita kwenye matete. Mama yake alikaa kwenye mchanga bila kusema neno, na wanawake wengine wakakaa naye.

Habari ilitoka kwa wanawake wanaokausha samaki. Mmoja wao alimjia mama wa mtoto na kumwambia, "Mama, juzi mchana niliona kaptula ya kaki imepanda boti ya wale wa ng'ambo. Sikuiona ikishuka." Hakuwa amemtazama mtoto usoni. Lakini kazi yake ilikuwa kukaa pale tangu jua linachomoza, kugeuza samaki na kufukuza ndege, na macho yake yalikuwa yanahesabu kila boti bila yeye kujua kwamba anahesabu. Mjomba wa mtoto alivuka na gunia la mihogo mikavu, akijifanya mchuuzi. Baada ya siku kadhaa alimkuta kijana wao anakumba maji kwenye boti ya mwenye nyavu aliyekuwa amemwahidi mshahara. Akamrudisha.

Mahagi-Port ilisherehekea. Hakuna aliyeandika kitu. Mwenye nyavu hakuulizwa na ofisi yoyote, na mwandishi anakumbuka kumwona tena mwaloni, akinunua mafuta na kusalimiana na watu. Kwa mtoto aliyekuwa akitazama, ilionekana jambo limekwisha. Miaka ilipopita ndipo mwandishi alipoona kilichokosekana: mtoto alipatikana, ila aliyemchukua hakupata jina. Msimu uliofuata angeweza kuchukua mwingine, na mama wa huyo mwingine angeanza upya, kwa kulitazama ziwa.

Jambo la pili lilikuwa limefichika ndani ya tukio hilo. Watoto wengi wanaopotea mwambao wa Ziwa Albert hawachukuliwi kwa nguvu usiku. Wanaitwa kwa ahadi. Wavulana wanakwenda kwenye kambi za uvuvi au kwenye machimbo ya dhahabu ya Mongbwalu, wasichana wanakwenda kulea watoto wa watu mjini. Kwa sababu alikwenda kwa miguu yake, kila mtu anasema, "amekimbia tu," na neno hilo linatosha kumwondolea kila mkubwa wajibu wake. Riwaya za upelelezi zinapenda mtekaji mwenye uso wa kutisha. Pale mwaloni mtekaji alikuwa na senti mfukoni na maneno matamu, na alijulikana kwa jina na kila muuza samaki.

Ilikuwa miaka hiyo hiyo ambapo padri mmoja aliyewahi kusoma Tanzania alimwazima mwandishi Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya ya Muhammed Said Abdulla iliyotoka mwaka 1960 baada ya kushinda shindano la uandishi. Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya hiyo, na kiko chake aliingia Mahagi-Port kwa njia hiyo. Mwandishi, akiwa kijana, alishangazwa na utulivu wake. Bwana Msa hapigi mtu. Anauliza nani alikuwa wapi, saa ngapi, alivaa nini, alitoka na nani, kisha anarudi kwa mtu yule yule na kuuliza tena. Yule mama wa samaki angemfaa sana.

Mei 2003 maswali hayo hayakuwa na mtu wa kuyauliza. Familia ya mwandishi ilikuwa imehamia Bunia. Vita vya Ituri vilikuwa vimeanza mwaka 1999 kwa ugomvi wa ardhi Djugu na kuenea, na Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba hadi mwaka huo wa 2003 raia wapatao 50,000 walikuwa wamekufa. Majeshi ya Uganda yalipoondoka mjini mapema mwezi huo, wanamgambo waliingia kugombania mitaa. Wakazi wengine walikimbilia uwanja wa ndege na uzio wa MONUC, ujumbe wa Umoja wa Mataifa nchini Kongo. Wengine, pamoja na familia ya mwandishi, walishika njia ya Komanda kuelekea Beni, kwa miguu.

Katika safari ile watoto walipotea mchana kweupe. Risasi zinalia, watu wanaingia porini kushoto na kulia, na wanapotoka kila mmoja anashika mkono ulio karibu. Njiani msichana mdogo alishika kitenge cha mama wa mwandishi na hakukiachia hadi mwisho. Alikuwa na miaka minne, labda mitano. Alipoulizwa jina la baba alijibu, "Papa." Jina la mama? "Mama." Anatoka wapi? "Nyumbani." Alijua jina lake la kwanza, jina ambalo mamia ya wasichana wa Ituri wanalo. Alikuwa na kovu dogo juu ya nyusi.

Beni kulikuwa na wafanyakazi wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu waliokaa chini ya mti na fomu zao. Kazi yao ina historia ndefu: ofisi ya kwanza ya Msalaba Mwekundu ya kutafuta habari za watu waliotenganishwa na vita ilianzishwa Basel, Uswisi, mwaka 1870, wakati wa vita vya Ufaransa na Prussia. Baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda mwaka 1994, Msalaba Mwekundu na mashirika mengine waliandikisha watoto zaidi ya 100,000 waliokuwa peke yao, na picha zao zilibandikwa makambini ili wazazi wapite wakizitazama. Mwandishi hakujua hayo wakati ule. Alichokiona ni mwanamke mwenye kalamu ambaye hakuharakisha.

Alimwuliza msichana nyumba yao ina mlango wa rangi gani. Je, kuna mbuzi? Nani anakusuka nywele? Karibu na nyumba kuna kanisa, kuna mto, kuna soko? Wimbo gani mama anauimba anapopika? Aliandika lile kovu, ni nyusi ya upande gani. Aliandika mahali hasa pa barabara ambapo mtoto alishika kitenge, na siku yenyewe, na waliokuwa mbele na nyuma. Halafu picha ikapigwa. Kijana aliyekuwa amemsoma Bwana Msa alitambua kwamba haya ndiyo maswali yenyewe. Tofauti ni kwamba hapa hakutafutwa mhalifu, alitafutwa shangazi.

Na shangazi alipatikana, baada ya miezi mingi. Aliiona picha kwenye ubao, akaitambua nyusi. Baba na mama hawakupatikana, na hakuna anayejua walipolala. Msichana yule ana ukoo leo kwa sababu mtu mmoja aliandika "juu ya jicho la kulia".

Kuna watoto ambao barabara haikuwarudisha kwa mtu yeyote. Makundi yote ya silaha ya Ituri yalikuwa na kadogo, yaani askari watoto. Kundi la Thomas Lubanga, UPC, lilikuwa nao Bunia na kandokando yake. Kundi la FAPC la Jérôme Kakwavu, lililoshika Aru na Mahagi, lilikuwa nao pia. Mzazi aliyemkosa mwanawe hakuweza kwenda kuripoti, maana aliyemchukua ndiye aliyekuwa ameikalia ofisi ya kuripotia.

Lubanga alipelekwa The Hague mwezi Machi 2006. Kesi yake, ya kwanza kabisa ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ilianza Januari 2009, na mwandishi, wakati huo mwanafunzi, aliifuata kupitia Radio Okapi pamoja na wenzake, wakiwa wameizunguka redio ndogo ya betri. Hiyo ndiyo hadithi ya upelelezi wa watoto ambayo Ituri iliisikiliza kwa makini kuliko riwaya yoyote. Shahidi wa kwanza, kijana aliyesema alikuwa kadogo, aliyageuka maneno yake siku ile ile kizimbani. Wasikilizaji walinyamaza. Mmoja alizima redio, mwingine akaiwasha tena.

Yaliyofuata yalichukua miaka. Mawakili walibishana kuhusu umri wa vijana, majina ya wazazi, madaftari ya shule, nani alisoma wapi mwaka gani. Baadhi ya watu waliotumiwa na wapelelezi kuwatafuta mashahidi walishukiwa kuwa wamewafundisha la kusema. Tarehe 14 Machi 2012 majaji walimtia Lubanga hatiani kwa kuwaandikisha na kuwatumia vitani watoto wa chini ya miaka 15, na Julai alihukumiwa kifungo cha miaka 14. Hata hivyo hawakuuegemea ushahidi wa vijana waliojitambulisha kuwa kadogo wa zamani. Mikanda ya video ilisaidia, pamoja na ile iliyopigwa kambi ya Rwampara Februari 2003, ambamo udogo wa baadhi ya walioshika bunduki unaonekana kwa macho.

Hukumu hiyo ilimwachia mwandishi furaha na uchungu kwa wakati mmoja. Mkosaji alipatikana na hatia. Lakini watoto wenyewe, waliopanda ndege kwenda kusema, walirudi bila maneno yao kuaminiwa, na sehemu kubwa ya sababu ni kwamba hakuna karatasi iliyoweza kusimama upande wao. Uchunguzi wa kitaifa wa afya na watu wa 2013 na 2014 ulikuta kwamba nchini Kongo takriban mtoto 1 kati ya 4 wa chini ya miaka 5 ndiye aliyekuwa ameandikishwa kuzaliwa. Watatu waliobaki, wakipotea kesho, mwenye nia mbaya anaweza kubisha hata kwamba waliwahi kuwapo. Wakili hodari atauliza: umri wake umeandikwa wapi? Mama atasema alimzaa msimu wa mvua kubwa, na atakuwa anasema kweli, na haitatosha.

Tarehe 22 Machi 2014 boti iliyojaa wakimbizi wa Kikongo ilizama Ziwa Albert. Walikuwa wametoka kambi ya Kyangwali, Uganda, wanarudi kwao, na wengi walikuwa wanawake na watoto. Mwandishi alikuwa mwambaoni siku zilizofuata. Hesabu ya waliokufa ilianza kidogo, ikapanda juu ya 100, ikapita 200. Watu walisimama wakisubiri wasomewe orodha ya abiria, na orodha haikuwapo. Kila familia ilibidi iende kutafuta kati ya miili, na wasiomkuta mtu wao hawakujua kama walie msiba au waendelee kumtafuta kwa jamaa wa ng'ambo. Kuna mzee aliyekuwa akipita na kamba yenye mafundo, kila fundo ni mjukuu. Hakuwa na karatasi, akatengeneza yake.

Tangu siku ile mwandishi hapandi boti bila kuuliza nani anaandika majina. Mara nyingi anachekwa.

Mwishoni mwa 2017 Djugu iliwaka tena. Katika miezi ya kwanza ya 2018 makumi ya maelfu ya watu walivuka ziwa kwenda Uganda, wengi wakishukia Sebagoro, na Februari kipindupindu kikawapata kwenye makazi ya Kyangwali. Wengine walipanda hadi Bunia na kupiga kambi karibu na Hospitali Kuu. Hapo mwandishi alikuwa miongoni mwa waliojitolea kuandika majina ya watoto waliofika bila wazazi na ya wazazi waliofika bila watoto.

Baba mmoja alikuja siku ya pili ya kazi. Mkewe na watoto walikuwa wametangulia ziwani. Simu ilikuwa imeshapigwa kutoka ng'ambo kwamba wamefika, isipokuwa kijana wa tatu. Mwandishi alimsindikiza kuripoti. Afisa aliyekuwa zamu alimsikiliza kwa adabu, kisha akasema arudi baada ya siku mbili, huenda mtoto atakuwa ameonekana, na akirudi aje na karatasi na kitu cha mafuta ya pikipiki. Baba alijibu, "Chef, siku mbili zile atakula nini?" Afisa hakuwa na jibu. Hakuwa na karatasi pia, na hilo lilikuwa kweli. Meza yake ilikuwa tupu.

Sheria ya Kongo haijui siku mbili hizo. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 ya ulinzi wa mtoto inamtambua mtoto kuwa mtu yeyote wa chini ya miaka 18, ikaweka mahakama za watoto na kikosi maalumu cha polisi kwa ajili yao. Hakuna mahali inapomwambia mzazi angoje. Imani kwamba polisi hawapokei taarifa mpaka saa 24 au 48 zipite imeenezwa na filamu, ikashuka hadi vituoni, ikawa kisingizio cha kila siku. Saa za kwanza ndizo ambazo mama wa samaki bado anaikumbuka rangi ya kaptula.

Kijana wa tatu alipatikana bila polisi. Alikuwa ameingizwa kwenye boti nyingine na jirani, na huko Uganda akaandikishwa kwa jina la jirani huyo, kama mwanawe, ili wapewe chakula pamoja. Jirani hakuwa na ubaya wowote. Lakini kila aliyelitafuta jina la kijana kwenye orodha za wakimbizi hakulikuta, kwa kuwa jina lenyewe lilikuwa limekwisha kuvuliwa. Aliyelifumbua fumbo ni kijana mwenyewe: alipopewa simu na Msalaba Mwekundu apige bure, alizikumbuka namba za baba yake zote, kwa mpangilio. Mama yake alikuwa amemfundisha kwa wimbo.

Tukirudi kwenye riwaya ya Unity Dow, ilitoka wakati Botswana ilikuwa haijasahau kisa cha Mochudi. Mwaka 1994 msichana wa shule aliuawa katika mji huo, ambao ni mji wa Dow mwenyewe, kwa imani kwamba viungo vyake vingeleta utajiri. Mwaka uliofuata wanafunzi waliandamana hadi serikali ikaita wapelelezi kutoka Scotland Yard. Dow alijua uzito wa karatasi. Kabla ya kuwa jaji alikuwa ameishtaki serikali yake kwa sheria iliyowanyima uraia watoto wa mama Mbotswana aliyeolewa na mgeni, na mwaka 1992 akashinda. Mtu aliyepigania uraia wa watoto wake mahakamani ndiye aliyeandika kitabu ambamo mtoto anatafutwa na mtu asiye na cheo. Binti wa zahanati si polisi. Ana macho, ana ukaidi, na wanakijiji wanaosimama nyuma yake.

Riwaya nyingi za watoto waliopotea zinazouzwa duniani zinamtumia mtoto kama chambo. Kurasa za kwanza anatoweka, kisha tunaambiwa habari za mpelelezi: ulevi wake, talaka yake, ndoto zake mbaya. Mtoto anarudi mwishoni akiwa maiti au picha. Mwandishi amesoma kadhaa na kuzimaliza usiku mmoja, ni kweli zinashika, ila asubuhi hakuweza kukumbuka mtoto alipenda chakula gani. Friedrich Dürrenmatt wa Uswisi alikuwa mkweli zaidi. Mwaka 1958 alitoa Das Versprechen, na chini ya jina la kitabu akaandika kwamba ni maombolezo ya riwaya ya upelelezi. Mpelelezi wake anamwahidi mama wa mtoto kwamba atampata muuaji. Anafikiri sawasawa, anatega mtego sawasawa, anangoja miaka kwenye kituo cha mafuta, na muuaji haji kwa sababu amekufa njiani kwa ajali. Kwa msomaji wa Ituri hicho si kitabu cha ajabu. Tunawajua wanaongoja hivyo, tangu 2003.

Riwaya ya Kiswahili ya mtoto aliyepotea Ziwa Albert ingekuwa na wapelelezi wengi wenye kazi nyingine. Muuza samaki angekuwamo, na nahodha wa boti, na mtangazaji wa komunike, na mwanamke mwenye fomu chini ya mti, na bibi anayemkumbuka kila mtoto aliyemzalisha. Kiswahili kilichotupa Bwana Msa, na baadaye Willy Gamba wa Elvis Musiba, kina nguvu za kuibeba. Vijana wa Bunia wanaoandika waianze. Wasiogope kuandika mwisho ambamo baba na mama hawapatikani. Wahakikishe tu kwamba msomaji akifunga kitabu anajua lile kovu lilikuwa juu ya jicho gani.

Wakati kitabu hicho kinangojwa, kuna la kufanya. Mzazi wa Mahagi-Port, Tchomia, Kasenyi au Bunia, mpeleke mtoto wako akaandikishwe kabla siku 90 za sheria hazijapita, na kama zimepita, dai njia ya kuandikishwa kwa kuchelewa. Mfundishe jina lake lote, la baba, la mama, la kijiji, na namba ya simu kwa wimbo. Asipoonekana, nenda siku hiyo hiyo. Omba ripoti iandikwe mbele yako, uliza namba yake na jina la aliyeiandika. Pita mwaloni ukiuliza wanaokaa pale kutwa.

Na kwa wakuu wa polisi na waendesha mashtaka wa Ituri, ombi ni moja. Kila kituo cha mwambao kiwe na daftari la watoto waliopotea, lenye karatasi zinazonunuliwa na serikali na si na baba anayelia. Lisomwe hadharani kila mwezi mbele ya wazazi, na jina lisifutwe humo mpaka mtoto mwenyewe asimame mbele ya meza au kaburi lake lijulikane.